Kitovuni Hadi Magotini

Mimi ni fundi wa nguo za wanawake. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akaniuliza nilikuwa natafuta nini kiunoni mwa mzee wa Kizungu. Hapa Fordsburg nashona madera, mabaibui, magauni ya harusi na sare za madrasa. Mwanaume akija na suruali ya kupunguza namwita jirani yangu, fundi wa Kikongo mwenye duka la pili katika ujia wetu. Anakuja na futi yake shingoni, anampima mtu, ananitajia vipimo, nami nashona. Yeye hapendi kazi za kina mama, anasema hawaishi kurudi. Mimi sishiki mwanaume asiye wangu, na tangu mume wangu afariki sina wangu. Nimelelewa hivyo Tanga, na Johannesburg, pamoja na mengi iliyonibadilisha, hapo haijanigusa.

Siku aliyokuja yule mzee, jirani yangu hakuwepo. Alikuwa ameamkia kwenye foleni ya karatasi zake za ukaazi, na anayeamkia huko hatarajiwi kabla ya jioni. Mzee akaingia akiinamisha kichwa mlangoni, mrefu, mashavu mekundu, tumbo limemtangulia, mkononi amebeba mfuko wa suti kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Alipoufungua, duka zima likanuka dawa ya nondo.

Nilidhani ni sketi ya shule. Ilikuwa ya sufu nzito, ya mirabaraba ya kijani na buluu iliyokoza, na uzi mmoja wa manjano unapita katikati. Nyuma ilikuwa na marinda, moja juu ya jingine, yamebanwa sana. Mbele ilikuwa bapa, pande mbili zinazopishana na kufungwa kwa vikanda vya ngozi vyenye bizimu. Akaniambia hii si sketi, ni kilti, vazi la wanaume wa Skotlandi, na mirabaraba ile ni ya ukoo wao. Mtu wa ukoo mwingine ana mirabaraba mingine. Ukimwona mtu amevaa, unajua wa nani kabla hajafungua mdomo. Ilikuwa ya baba yake.

"Na ninyi mna koo?" akaniuliza.

Nikamwambia kwetu pwani mtu haposi kabla hajaulizwa ukoo wake, na akishajibu, shangazi zangu wataulizia tena mitaani kuhakikisha. Akacheka sana. Akasema basi mimi nitamwelewa, maana fundi wa kwao Randburg alikwishamkatalia, alimwambia vazi lile lina mafundi wake na yeye si mmojawapo. Hapo ndipo nilipopotea. Kazi aliyoshindwa fundi wa Randburg, mwenye duka la vioo, imeletwa kwangu Fordsburg! Sifa zilinipanda kichwani hata hajanisifu.

Kisha akanieleza kwa nini ana haraka. Mama yake yuko kwenye nyumba ya wazee hukohuko Randburg, ni mgonjwa, na daktari amewaambia wasihesabu miezi. Yeye ndiye mtoto wake wa pekee. Utotoni alikataa kuivaa kilti kwa sababu wenzake shuleni walimcheka. Ukubwani, baba yake alipofariki, mama alimwomba aivae siku ya mazishi, akakataa tena, akaenda na suti. Mama hakugombana naye. Aliikunja, akaiweka kabatini, na tangu siku hiyo hakuitaja, mpaka juzi kitandani aliposema kwamba angependa kumwona mwanawe ndani yake mara moja tu.

"Baba alikuwa mwembamba," akasema, akijipiga tumbo. "Mimi, unaona mwenyewe."

Nilimwona. Nilipaswa kumwambia arudi kesho, jirani yangu akiwepo. Mgonjwa yule angeweza kungoja siku moja. Lakini nilijua jirani yangu akitia mkono itakuwa kazi yetu wawili, na mimi niliitaka iwe yangu. Basi nikaitoa futi, nikamshikisha ncha yake, nikamwonyesha kwa ishara ajizungushe mwenyewe. Nikageuza uso kidogo, kama inavyotakiwa. Akajizungusha, akaniita, nikasogea kiasi cha kuiona namba, basi. Akanionyesha na picha kwenye simu, baba yake siku ya harusi, koti la vifungo vya fedha limefunika kiuno chote, na kilti imeishia katikati ya goti. Nikasema nimeona. Kumbe sikuona kitu.

Kazi yenyewe niliipenda, nisiseme uongo. Nilifumua bitana, nikakuta marinda yameshonwa kwa mkono kutoka kiunoni hadi nyongani, kila moja limepunguzwa juu ili kiuno kiwe chembamba. Aliyeishona alikuwa fundi haswa. Aliyakunja marinda kwa namna ambayo mirabaraba inaendelea mgongoni bila kukatika, ukitazama nyuma unaona kitambaa kilekile cha mbele, kana kwamba hakijakunjwa. Ukitaka kuongeza kiuno huwezi kuvuta upande mmoja, utaharibu mchoro wote. Lazima uombe kidogo kwa kila rinda, upana wa uzi, na usonge hivyo mpaka mwisho. Nilikaa na sindano na subana mpaka shingo ikakataa kugeuka. Kila mama aliyekuja kuchukua dera lake nilimwita aje aone. Nilijisifu mpaka kwa muuza sambusa.

Mzee aliporudi kuichukua alikuja na soksi zake ndefu na viatu vyake vimeng'arishwa, maana alitaka kutoka pale moja kwa moja kwa mama yake. Akaingia nyuma ya pazia. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wateja wangu wawili, mtu na mdogo wake, wakingoja madera. Mlango wa pili jirani yangu alikuwepo, naisikia mashine yake inakwenda.

Mzee akatoka.

Kilti ilikuwa imefungwa chini ya tumbo, palepale wanaume wanapofungia mikanda ya suruali zao, na chini imeteremka mpaka katikati ya miundi. Tumbo limeachwa juu, peke yake, ndani ya shati jeupe. Alionekana kama mtu aliyetoka bafuni na taulo la kukopa. Akajitazama kwenye kioo. Akaivuta juu, vikanda havikufika. Akaiacha, ikashuka tena. Wale wateja wangu wakavuta mitandio midomoni, na mabega yao yakawa yanatikisika.

Mzee akanigeukia. Alinitazama, akingoja mimi niseme, maana mimi ndiye fundi.

Nilijua. Sikujua kosa liko wapi, lakini kwamba limo, hata kipofu angelijua. Ilinitosha kusema, mzee, vua, tupime upya. Ilinitosha kupiga ukuta kumwita jirani. Lakini kumwita jirani ni kukiri mbele yake kwamba nilipima bila yeye, na kupima upya ni futi ileile tena au mikono yangu, mbele ya wale wawili ambao kabla ya magharibi wangekuwa wameshaifikisha habari kwa kila Mtanga aliyeko mjini huu. Nikafungua mdomo, nikasema imekukaa vizuri.

Akasema asante, nimefanya kazi nzuri sana. Akaenda zake ujiani akiivuta juu kwa mkono mmoja, na mwingine ameshika mfuko wa suti.

Jirani yangu alitokea mlangoni kabla vumbi la mzee halijatulia.

"Maman, ule muzungu alivaa jupe ya nani?"

Nikamwambia si sketi, ni kilti, na ni kazi yangu. Akauliza nani alimpima.

"Alijipima mwenyewe."

"Ulimupatia mètre yeye mwenyewe? Eish, maman! Mwanaume hajuwi tumbo yake inafika wapi! Kila mwanaume anajipima chini ya tumbo, asema kiuno yangu ni ileile ya zamani. Na ile kitu haifungwake kama pantalon, inafungwa juu, pa kitovu. Nilionaka ku mariage moja, ndoa ya bazungu, kule Randburg."

Pa kitovu. Niliposikia hivyo nilikaa kwenye kiti cha mashine. Mimi ni mtoto wa madrasa. Kabla sijajua kusoma saa nilijua kwamba uchi wa mwanaume ni kutoka kitovuni hadi magotini, tuliimba hivyo kwa pamoja tukiyumba kwenye mkeka, na ukikosea fimbo inakukumbusha. Wale Waskoti bila mwalimu wa kuwachapa wamekata vazi lao palepale, hapana pungufu wala ziada. Picha niliiona, ikiishia gotini. Mtu mwenye akili angeanzia gotini, akapanda juu, akafika kitovuni. Mimi stara nimeisoma, nimeihifadhi, naitumia kama sababu ya kutomshika mtu, halafu nimemtoa mzee wa watu barabarani bila stara. Niliona aibu ya kuunguza masikio.

Nikampigia simu. Alichelewa kupokea, na alipopokea alizungumza chinichini. Akasema kila kitu kizuri, mama alichoka tu, nisijali. Nimezungumza na wateja miaka mingi. Najua sauti ya mtu anayekusitiri. Nikamwambia kesho asubuhi nakuja, aniambie ni wapi. Akasema hakuna haja. Nikasema nakuja.

Jirani yangu alitaka anisindikize, akampime yeye, yaishe. Alikuwa na suti za maharusi mezani zinazotakiwa siku hiyohiyo. Lakini hata asingekuwa nazo ningemkatalia. Nilikuwa nimekwishachoka na ujanja wangu mwenyewe.

Chumba cha mama yake kilikuwa kidogo, safi, dirisha limeelekea kwenye majani ambako ndege wa kijivu wa mjini huu, wenye mdomo mrefu, walikuwa wanadonoa na kupiga makelele. Bibi alikuwa ameegemezwa mito, mwili umebaki kama wa mtoto, nywele nyeupe zimechanwa vizuri. Macho yalikuwa mazima kabisa. Mwanawe alisimama pembeni amevaa suruali. Kilti ilikuwa kwenye kiti imekunjwa.

Bibi akaniambia kwa Kiingereza, taratibu, ili nisikie, "Wewe ndiye fundi? Umefanya kazi bure. Tazama ilipo."

Mzee akasema, "Mama."

"Jana amekuja nayo hapa imemning'inia miguuni. Nikamuuliza nani kakuvalisha hivyo? Akasema nimevaa mwenyewe, Mama. Mwenyewe! Alimwona baba yake akiivaa miaka yote. Kama hutaki, mwanangu, usivae. Lakini usije kumcheka baba yako nayo hapa, kama ulivyomkataa siku ile tulipomzika." Akageuzia uso dirishani. Pumzi ilimwishia, akangoja irudi. "Sikulala," akasema.

Nikamtazama mzee. Alinitikisia kichwa kidogo sana, niache. Alikuwa amelibeba kosa yeye. Usiku mzima amelala na hasira ya mama yake juu ya kosa langu, na alikuwa tayari mama afe nayo, ili mwanamke wa Fordsburg anayemjua kwa futi moja ya kupimia asiaibike. Nilishawahi kuona aibu maishani, za kutosha, lakini nyingine zote nilitaka kuzikimbia. Ile ya pale haikuniacha hata nifikirie mlango.

Kiingereza changu ni cha dukani. Najua urefu, upana, rangi, kesho, keshokutwa. Nikakitumia hivyohivyo.

"Bibi," nikasema, "si yeye. Ni mimi. Mimi sikumpima. Nilimpa futi ajipime, akapima pa suruali, nikashona pa suruali. Jana alipoivaa niliona ni mbaya. Nikasema ni nzuri. Nikamwacha aje kwako."

Akageuka kunitazama. "Kwa nini hukumpima?"

"Kwetu mwanamke hamshiki mwanaume asiye wake. Niliona haya."

"Na kwa nini ulisema ni nzuri?"

Hapo haya haikuwepo tena, na nisingeweza kuisingizia. "Watu walikuwa wanatazama," nikasema. "Sikutaka waseme mimi ni fundi mbaya."

Macho yake yalibaki usoni kwangu muda mrefu, nami sikuyakwepa, ingawa machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na cha kujifutia ila mtandio. Mzee aliinamisha kichwa kama yeye ndiye anayesutwa.

"Aliyemshonea mume wangu hiyo alikuwa mwanamke," bibi akasema mwishowe. "Alimzungushia mikono kiunoni mbele yangu, mara ya kwanza, mara ya pili, eti ahakikishe. Mpaka leo simpendi." Mdomo ukamcheza upande mmoja. "Mpime mwanangu. Ukitaka nifumbe macho, nitafumba."

Nikasema bismillahi, nikaizungusha futi kwa mikono yangu, nikapita nyuma ya mgongo wake, nikaikutanisha kwenye kitovu. Nilisikia joto la mtu na sabuni ya kunyolea. Mzee alikuwa amebana pumzi mpaka uso umeiva.

"Usivute tumbo!" mama yake akamkemea. "Pumua. Ndiyo maana haikukutosha."

Akapumua, na tumbo likarudi mahali pake, na namba ikapanda kupita nilivyoogopa.

Nilikaa chini karibu na dirisha nikafumua. Muda wa kuomba kidogo kwa kila rinda haukuwepo. Nilifungua marinda ya pembeni, yale yanayofichwa na mikono, nikaazima huko, na vikanda nikavisogeza mpaka mwisho. Pembeni mirabaraba ilivunjika, ule uzi wa manjano haukukutana tena na mwenzake, na kila nikiutazama nilijisikia vibaya kwa yule fundi wa zamani. Bibi alikuwa akisinzia na kuamka. Kila akiamka aliuliza nimefika wapi, nikimwonyesha alisema endelea. Mwanawe alikaa kwenye kiti miguuni pake, na mara moja alimpa maji.

Alasiri ilikuwa imeingia nilipopiga fundo la mwisho. Mzee akaenda nayo bafuni. Aliporudi nilimfunga bizimu mimi, pale juu, maana mwenyewe hakuweza kuziona. Nikaivuta mbele ikae sawa, nikarudi nyuma. Iliishia katikati ya goti. Magoti yake yalikuwa meupe kabisa, ya mtu ambaye hajayaonyesha jua tangu shuleni.

Bibi alimtazama kuanzia chini. Soksi, magoti, kitambaa, kiuno. Akamwambia ageuke, akageuka. Marinda yalipepea kidogo, yakatulia. Akamwambia ageuke tena.

"Kwa nini hukusema ni fundi?" akamuuliza.

"Ulikuwa umeshakasirika, Mama," mzee akasema. "Nikaona ukasirike na mimi tu. Nimezoea."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anavyotaja kabati liko wapi. Lakini nilimwona mama yake analipokea, nikaona linavyoingia, uso wote ukabadilika kuanzia kwenye macho. Akamwita kwa kidole. Mzee akasogea mpaka kitandani. Bibi hakuweza kuinua mkono mbali. Aliufikisha gotini, pale kitambaa kinapoishia na mtu anapoanza, akauweka, akauacha hapo.

Niliokota nyuzi zangu sakafuni moja moja ili nisiwatazame. Najua bibi alimwona mwanawe, najua alimwona vizuri, na watu wakiniambia basi mwisho si ulikuwa mwema, nawaitikia tu. Lakini yule mama alikuwa amebakiwa na usiku wa kuhesabika, na mmoja aliukesha akiamini mwanawe amemcheka baba yake. Huo niliuchukua mimi.